Usimbaji Fiche na Usimamizi wa Ufunguo katika Mitandao Pasiwaya ya Nyumbani na Ofisini

Ikisiri

Makala hii inafafanua namna usimbaji fiche unavyolinda mtandao usiotumia waya nyumbani na ofisini, na inachunguza sababu zinazofanya ulinzi huo ushindwe. Kwa kufuata mkondo wa viwango vya WEP, WPA, WPA2 na WPA3 tangu mwaka 1997, makala inaonesha kwamba kasoro nyingi zilizobainika zilihusu namna ufunguo ulivyoundwa, ulivyotumiwa na ulivyogawanywa, kuliko udhaifu wa hisabati ya usimbaji yenyewe. Kisa cha kampuni ya TJX ya Marekani kinatumika kuonesha gharama ya kuchelewa kuacha kiwango kilichokwisha kuthibitika kuwa dhaifu. Hoja kuu ni kwamba usalama wa mtandao pasiwaya hauwezi kupimwa kwa jina la kiwango kilichochaguliwa katika ruta pekee; sharti upimwe pia kwa kuuliza ufunguo umetokana na nini, nani anaujua, na hubadilishwa lini.

1.0 Utangulizi

Mtandao wa waya una mpaka unaoonekana. Anayetaka kuunganisha kompyuta yake hulazimika kuingia ndani ya jengo, kutafuta tundu la ukutani na kuchomeka waya. Mtandao usiotumia waya, ambao katika makala hii unaitwa mtandao pasiwaya, hauna mpaka wa namna hiyo. Ruta iliyowekwa sebuleni hurusha mawimbi ya redio, kwa kawaida katika masafa ya gigahezi 2.4 au 5, na mawimbi hayo hupenya kuta, huvuka ua na kufika kwa jirani au barabarani. Mtu mwenye antena nzuri anaweza kuyanasa akiwa mbali zaidi ya pale ambapo mwenye mtandao anapata huduma.

Jambo hili lina uzito wa pekee katika miji ambamo wapangaji kadhaa huishi katika ua mmoja, na ambamo ofisi ya wakili, duka la dawa na wakala wa huduma za fedha hupangana katika fremu za jengo moja. Mawimbi ya kila mmoja wao huwafikia wote. Kinachotenganisha taarifa za mteja wa wakili na simu ya mpita njia ni usimbaji fiche peke yake.

Hata hivyo, katika matumizi ya kila siku usimbaji huo huchukuliwa kama swichi: ama umewashwa, ama umezimwa. Ruta ikishaonesha alama ya kufuli kando ya jina la mtandao, kazi huonekana imekwisha. Makala hii inapinga mtazamo huo. Sehemu ya pili inaeleza msingi wa usimbaji. Ya tatu inafuatilia viwango vilivyopita na vilivyopo. Ya nne inachambua kisa cha TJX. Ya tano inajadili nenosiri kama chanzo cha ufunguo. Ya sita inalinganisha mahitaji ya nyumba na ya ofisi. Na ya saba inabainisha hatua zinazosaidia na zile zinazoleta matumaini ya bure.

2.0 Msingi wa Usimbaji Fiche

Kusimba ni kugeuza matini wazi kuwa matini fiche kwa kutumia kanuni ya kihisabati pamoja na ufunguo wa siri. Kanuni yenyewe hujulikana na watu wote, na huchapishwa ili wataalamu waichunguze. Siri iko katika ufunguo. Msimamo huu uliwekwa na Auguste Kerckhoffs mwaka 1883 alipoandika juu ya mawasiliano ya kijeshi, na hadi leo ndio unaoongoza taaluma hii: mfumo uendelee kuwa salama hata adui akijua kila kitu kuuhusu, isipokuwa ufunguo.

Katika mtandao pasiwaya, usimbaji hutarajiwa kutoa huduma tatu. Ya kwanza ni faragha, yaani asiye na ufunguo asiweze kusoma pakiti alizozinasa. Ya pili ni ukamilifu, yaani pakiti isiweze kubadilishwa njiani bila mpokeaji kutambua. Ya tatu ni uthibitisho, yaani kifaa na ruta viweze kuhakikishiana kwamba kila kimoja kinahusika na mtandao huo.

Ili kuelewa kasoro zitakazojadiliwa, ni muhimu kufahamu usimbaji wa mkondo. Katika njia hii, ufunguo huzalisha mkondo mrefu wa biti. Kila biti ya matini wazi hulinganishwa na biti moja ya mkondo: zikifanana jibu huwa 0, zikitofautiana jibu huwa 1. Mpokeaji mwenye mkondo uleule hurudia kitendo hicho na kuipata matini wazi. Utaratibu huu una sharti moja lisiloruhusu msamaha: mkondo mmoja usitumike kusimba jumbe mbili. Ukitumika mara mbili, mdukuzi akilinganisha matini fiche hizo mbili, athari ya mkondo hujifuta, na kinachobaki ni tofauti kati ya matini wazi mbili. Kwa kuwa sehemu kubwa ya pakiti za intaneti hutabirika, hususani sehemu za mwanzo zenye anwani, kuujua ujumbe mmoja hufunua ujumbe wa pili. Kasoro mbili kubwa katika historia ya mitandao pasiwaya, ya WEP na ya mwaka 2017, zilihusu kuvunjwa kwa sharti hilo.

3.0 Mkondo wa Viwango vya Ulinzi

3.1 WEP

Kiwango cha kwanza cha 802.11 kilichapishwa na taasisi ya IEEE mwaka 1997, kikiwa na mfumo wa ulinzi ulioitwa WEP. Jina lake refu liliahidi faragha inayolingana na ile ya mtandao wa waya. Mfumo huo ulitumia kanuni ya RC4, iliyobuniwa na Ron Rivest mwaka 1987, pamoja na ufunguo wa biti 40, na baadaye biti 104.

Wabunifu wa WEP walilijua sharti la kutorudia mkondo. Kwa sababu hiyo waliambatisha kwenye ufunguo namba ya mwanzo yenye biti 24, inayobadilika kwa kila pakiti na kutumwa wazi. Biti 24 hutoa namba 16,777,216 tu. Endapo namba hizo huchaguliwa kwa nasibu, hesabu ya uwezekano inaonesha kuwa baada ya pakiti zipatazo 5,000 kuna nafasi ya nusu kwa nusu kwamba namba moja imekwisha kujirudia, na mtandao wenye shughuli huzipitisha pakiti hizo kwa muda mfupi sana. Aidha, ufunguo mkuu ulikuwa uleule kwa vifaa vyote na haukubadilika hadi mtu aubadilishe kwa mkono katika kila kifaa, jambo ambalo kwa kawaida halikufanyika.

Mwaka 2001 Scott Fluhrer, Itsik Mantin na Adi Shamir walichapisha uchambuzi ulioonesha kwamba namna RC4 inavyouandaa ufunguo huvujisha sehemu za ufunguo huo pale ambapo namba ya mwanzo inajulikana, kama ilivyokuwa katika WEP. Baada ya hapo zana za kuvunja WEP zilisambaa bila malipo. Mwaka 2007 watafiti watatu wa Darmstadt, Ujerumani, yaani Erik Tews, Ralf-Philipp Weinmann na Andrei Pyshkin, walionesha kuwa hata ufunguo wa biti 104 huweza kupatikana kwa muda usiofika dakika moja. Kuongeza urefu wa ufunguo kutoka biti 40 hadi 104 hakukuwa kumesaidia, kwa kuwa kasoro haikuwa katika urefu huo.

3.2 WPA na WPA2

Kufuatia anguko la WEP, muungano wa Wi-Fi Alliance ulitoa WPA mwaka 2003 kama suluhisho la mpito. WPA iliendelea kutumia RC4 ili ruta zilizokwisha kununuliwa ziweze kuboreshwa kwa programu bila kubadilishwa, lakini ilibadilisha ufunguo kwa kila pakiti kwa njia iliyoitwa TKIP. Mwaka 2004 IEEE iliidhinisha kiwango cha 802.11i, ambacho sokoni kilipewa jina la WPA2. Hapa RC4 iliachwa, na nafasi yake ikachukuliwa na AES, kanuni iliyobuniwa na Wabelgiji Joan Daemen na Vincent Rijmen na kupitishwa kuwa kiwango cha serikali ya Marekani mwaka 2001. Hadi sasa hakuna njia ya kivitendo iliyochapishwa ya kuvunja AES yenyewe inapotumiwa ipasavyo.

WPA2 ya nyumbani hufanya kazi hivi. Nenosiri la herufi 8 hadi 63 huchanganywa na jina la mtandao, kisha hupitishwa mara 4,096 katika kanuni ya ukokotoaji, na kutoa ufunguo mkuu wa biti 256. Kifaa kinapojiunga, hubadilishana na ruta jumbe nne. Katika jumbe hizo kila upande hutoa namba nasibu, na kutokana na namba hizo, anwani za vifaa hivyo viwili na ufunguo mkuu, hupatikana ufunguo wa kikao kinachohusika. Ufunguo mkuu wenyewe haurushwi hewani.

Utaratibu huu una matokeo mawili ambayo watumiaji wengi hawayatambui. Kwanza, anayenasa jumbe hizo nne anaweza kwenda nazo mbali na mtandao, akajaribu manenosiri mamilioni katika kompyuta yake bila mwenye mtandao kujua, kwa kuwa jumbe hizo zina alama ya uthibitisho inayomwambia kama amekisia sawasawa. Pili, yeyote anayelijua nenosiri kwa haki, awe mpangaji au mfanyakazi mwenzake, akinasa jumbe nne za kifaa kingine anaweza kukokotoa ufunguo wa kikao chake na kusoma pakiti zake. Kwa maneno mengine, WPA2 ya nenosiri moja huwakinga wanamtandao dhidi ya wageni, lakini haiwakingi wao kwa wao.

Mwezi Oktoba 2017 Mathy Vanhoef na Frank Piessens wa Chuo Kikuu cha KU Leuven walitangaza shambulio la KRACK. Waligundua kuwa ujumbe wa tatu kati ya zile nne ukirudiwa, kifaa huusakinisha upya ufunguo uleule na kuanza tena kuhesabu pakiti kutoka mwanzo. Matokeo yake ni kurudiwa kwa mkondo wa usimbaji, kosa lilelile la WEP, safari hii juu ya AES. Kasoro hiyo ilirekebishwa kwa masasisho ya programu. Simu na ruta zisizopokea tena masasisho kutoka kwa watengenezaji wake hazikunufaika na marekebisho hayo, na vifaa vya aina hiyo ni vingi katika masoko ya bidhaa zilizokwisha kutumika.

3.3 WPA3

WPA3 ilitangazwa mwaka 2018, na tangu Julai 2020 ni sharti kwa vifaa vipya vinavyoomba cheti cha Wi-Fi Alliance. Badiliko lake kuu liko katika hatua ya kujiunga. Mbinu iitwayo SAE huwezesha kifaa na ruta kuthibitishana kuwa vyote vinalijua nenosiri bila kuacha hewani kitu ambacho mdukuzi anaweza kwenda kukijaribu nyumbani kwake. Kila kisio sasa humhitaji awasiliane na mtandao wenyewe, jambo ambalo huchukua muda na huweza kugunduliwa. Vilevile, kulijua nenosiri hakutoshi tena kusoma kwa siri pakiti za mwingine, wala pakiti zilizohifadhiwa kabla nenosiri halijavuja.

WPA3 nayo haikukosa kasoro. Mwaka 2019 Vanhoef na Eyal Ronen walichapisha mashambulio waliyoyaita Dragonblood, na mojawapo lilihusu hali ya mpito ambamo ruta hupokea WPA2 na WPA3 kwa nenosiri moja. Katika hali hiyo mdukuzi anaweza kukivuta kifaa kitumie WPA2, akanasa jumbe zinazomwezesha kukisia nje ya mtandao. Kwa hiyo, ruta iliyoandikwa WPA3 lakini ikaachwa katika hali ya mpito bado inalitegemea nenosiri kwa kiwango kilekile cha WPA2.

4.0 Kisa cha TJX: Muda kati ya Kujua na Kutenda

Kampuni ya TJX ya Marekani, inayomiliki maduka ya nguo na bidhaa za nyumbani, ilitangaza tarehe 17 Januari 2007 kwamba mifumo yake ya kompyuta ilikuwa imevamiwa. Baadaye kampuni ilieleza kuwa taarifa za kadi za malipo zisizopungua milioni 45.7 ziliibwa katika uvamizi ulioanza mwaka 2005. Kwa maoni ya kampuni yenyewe, wavamizi walipata upenyo wa awali kupitia mitandao pasiwaya ya maduka mawili nchini Marekani.

Kamishna wa Faragha wa Kanada, akishirikiana na mwenzake wa jimbo la Alberta, alichunguza suala hilo kwa kuwa wateja wa Kanada walikuwa miongoni mwa walioathirika. Ripoti ya Septemba 2007 ilibaini kuwa wakati wa uvamizi kampuni ilikuwa ikitumia WEP, na kwamba ilishindwa kuhamia kiwango imara zaidi katika muda unaofaa. Ripoti hiyo ililaumu pia ukusanyaji wa taarifa nyingi kuliko zilivyohitajika na kuzihifadhi kwa muda mrefu kupita kiasi, zikiwamo namba za vitambulisho vya watu waliorudisha bidhaa bila risiti.

Mfuatano wa miaka ndio unaokipa kisa hiki uzito. Udhaifu wa WEP ulichapishwa mwaka 2001. WPA ilipatikana mwaka 2003, na WPA2 mwaka 2004. Uvamizi ulianza mwaka 2005. Hakuna sayansi iliyokosekana. Kampuni ilikwisha kuamua kuhama, na kazi ya kuhama ilikuwa ikiendelea wakati taarifa zikiibwa. Methali isemayo usipoziba ufa utajenga ukuta hutajwa mara nyingi kwa wasiojali. Kisa hiki kinaonesha kwamba ukuta huweza pia kujengwa na wale waliouona ufa, wakakubali kuuziba, lakini wakaiacha kazi hiyo ichukue muda wake.

Funzo la pili linahusu kimo cha tukio. Mitandao ya maduka mawili ilitosha kufungua njia kuelekea mifumo ya kampuni nzima, kwa sababu nyuma ya ruta hakukuwa na vizuizi vya kutosha. Usimbaji wa mtandao pasiwaya ni mlango wa kwanza. Taasisi inayouchukulia kuwa mlango pekee huweka kila kitu nyuma ya ufunguo mmoja.

5.0 Nenosiri kama Chanzo cha Ufunguo

Kwa kuwa WPA2 bado ndiyo inayotumika katika ruta nyingi, nguvu ya nenosiri inabaki kuwa suala la msingi. AES yenye biti 128 haina maana endapo ufunguo wake unatokana na neno linalokisika. Hesabu rahisi inaweza kulidhihirisha jambo hili. Ichukuliwe kwamba mdukuzi ana kasi ya kujaribu manenosiri 500,000 kwa sekunde, kasi ambayo kadi moja ya michoro ya kisasa inaimudu kwa WPA2.

Namba ya simu ya mkononi ni chaguo la kawaida la nenosiri. Nchini Tanzania namba hizo huwa na tarakimu 10 na kwa kawaida huanza na 06 au 07. Zilizobaki ni tarakimu 8, yaani uwezekano wa namba milioni 100 kwa kila mwanzo, na milioni 200 kwa yote miwili. Kwa kasi iliyotajwa, zote humalizika kwa sekunde 400, muda usiofika dakika 7. Mwenye duka aliyebandika ukutani namba yake ya simu kwa ajili ya wateja amempunguzia mdukuzi hata kazi hiyo.

Herufi ndogo 12 zilizochaguliwa kwa nasibu hutoa uwezekano unaozidi trilioni 95,000. Kwa kasi ileile, kuzimaliza kungechukua zaidi ya miaka 6,000. Maneno 5 yaliyochaguliwa kwa kurusha kete kutoka orodha ya maneno 7,776 huleta ulinzi mkubwa zaidi, na yana faida ya kukumbukwa na kutamkwa kwa urahisi. Idadi hiyo ya maneno inatokana na kete 5, kwani 6 ikizidishwa yenyewe mara 5 hutoa 7,776. Msomi yeyote anaweza kuandaa orodha ya aina hiyo kwa Kiswahili. Sharti ni kwamba kete ndizo zichague: methali, mstari wa wimbo au jina la timu ya mpira si chaguo la nasibu hata likiwa refu, kwa kuwa mdukuzi huanza na orodha za misemo inayojulikana.

Jina la mtandao nalo lina nafasi yake. Kwa kuwa huchanganywa na nenosiri katika ukokotoaji, mtandao uliobaki na jina la kiwandani linalotumiwa na ruta nyingi humruhusu mdukuzi kutumia majedwali yaliyokokotolewa mapema. Jina la pekee huyafanya majedwali hayo yasifae. Hata hivyo, jina lisitaje mwenye mtandao wala namba ya chumba chake.

Kuna pia njia ya mkato inayolipita nenosiri kabisa. Mfumo wa WPS uliwekwa katika ruta ili kurahisisha kuunganisha vifaa kwa namba ya siri yenye tarakimu 8. Mwaka 2011 Stefan Viehböck alionesha kwamba ruta huthibitisha nusu ya kwanza ya namba hiyo peke yake, na kwamba tarakimu ya mwisho hukokotolewa kutokana na zilizotangulia. Badala ya majaribio milioni 100, yanatosha 10,000 ya nusu ya kwanza na 1,000 ya nusu ya pili, jumla 11,000. Mtandao wenye nenosiri la herufi 63 na WPS ya namba iliyoachwa wazi una nguvu ya majaribio hayo 11,000 tu.

6.0 Nyumba na Ofisi: Tofauti ya Nani Anaujua Ufunguo

Nyumbani, nenosiri moja linalotumiwa na familia linaweza kutosha, kwa kuwa wanaolijua ni wachache na huaminiana. Tatizo huanza pale linapotolewa kwa wageni, mafundi na majirani. Ruta nyingi huruhusu mtandao wa pili kwa ajili ya wageni, wenye nenosiri lake na uliotengwa na vifaa vya ndani. Kutumia uwezo huo ni njia nyepesi ya kuuhifadhi ufunguo mkuu kwa wenye nyumba, na pia ya kutenga kamera na runinga ambazo masasisho yake hayaaminiki.

Ofisini hali ni tofauti. Mfanyakazi anapoondoka, nenosiri la pamoja huondoka naye. Ili kumtoa katika mtandao, lazima nenosiri libadilishwe katika kila kompyuta, simu na mashine ya kuchapia. Kadiri ofisi inavyokuwa kubwa, ndivyo kazi hiyo inavyoahirishwa, hadi nenosiri la mtandao wa ndani linajulikana na watu wengi waliokwisha kuondoka kuliko waliopo. Kama ilivyoelezwa katika sehemu ya tatu, kwa WPA2 mtu wa namna hiyo akiketi kwenye gari nje ya jengo anaweza kusoma pakiti za waliobaki, si kujiunga tu.

Suluhisho ni kiwango cha 802.1X, ambacho katika mipangilio ya ruta huitwa WPA2 au WPA3 ya taasisi. Hapa kila mtumiaji ana jina na siri yake, au cheti cha kidijitali kilichowekwa katika kifaa chake, na uthibitisho hufanywa na seva maalumu. Kila kikao hupata ufunguo wake usiotokana na siri ya pamoja. Anayeondoka hufutwa katika seva, na wengine hawaguswi. Mfano unaofahamika na jumuiya ya vyuo ni eduroam, unaomwezesha mwanachuo kutumia utambulisho wa chuo chake anapotembelea chuo kingine, na ambao nchini Kenya husimamiwa kupitia KENET na nchini Uganda kupitia RENU.

Mfumo huu una sharti linalopuuzwa mara kwa mara. Kifaa cha mtumiaji lazima kihakikishe cheti cha seva kabla ya kutuma siri. Mtumiaji anayeelekezwa kuchagua kutokuthibitisha cheti, ili kuunganishwa haraka, huwa tayari kuikabidhi siri yake kwa ruta yoyote iliyojipachika jina la mtandao wa taasisi. Kwa ofisi ndogo isiyo na fundi wa kudumu, WPA3 yenye nenosiri imara linalobadilishwa kila mfanyakazi anapoondoka inaweza kuwa salama zaidi kuliko 802.1X iliyosanidiwa nusunusu.

Wajibu huu sasa una sura ya kisheria. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, zinawataka wanaokusanya na kuchakata taarifa za watu wazilinde kwa hatua zinazofaa. Zahanati inayopitisha majina ya wagonjwa katika mtandao wenye nenosiri lililobandikwa mapokezi itapata ugumu kueleza kuwa imetimiza wajibu huo.

7.0 Hatua Zinazosaidia na Zinazodanganya

Hatua mbili hupendekezwa mara kwa mara ingawa ulinzi wake ni hafifu. Ya kwanza ni kuficha jina la mtandao. Jina lililofichwa hutajwa hewani kila kifaa kinapojiunga, na zana za kunasa pakiti hulionesha mara moja. Ya pili ni kuorodhesha anwani za vifaa vinavyoruhusiwa. Anwani hizo hurushwa bila kusimbwa, na mdukuzi anaweza kuiga yoyote kati yake. Hatua hizi humsumbua mwenye mtandao kuliko zinavyomsumbua mvamizi.

Zenye tija ni hizi: kuchagua WPA3 pale vifaa vyote vinapoikubali, au WPA2 yenye AES bila TKIP, kuizima WPS, kubadilisha nenosiri la usimamizi wa ruta, ambalo ni tofauti na nenosiri la mtandao na mara nyingi hubaki lile la kiwandani, kusasisha programu ya ruta na kuiacha ruta isiyosasishwa tena na mtengenezaji, na kuweka kumbukumbu ya nani amepewa ufunguo.

Mwisho, ni lazima mipaka ya ulinzi huu ieleweke. Usimbaji wa mtandao pasiwaya huanzia kwenye kifaa na kuishia kwenye ruta. Kuanzia hapo hadi kwenye seva iliyoko mbali, pakiti hulindwa na usimbaji mwingine, ambao katika tovuti hujulikana kwa anwani inayoanza na https. Ulinzi mmoja hauchukui nafasi ya mwingine: tovuti iliyosimbwa haizuii mvamizi kuifikia mashine ya kuchapia ya ofisi, na ruta iliyosimbwa haizuii tovuti ya ulaghai kuiba siri za mtumiaji.

8.0 Hitimisho

Historia ya viwango vya ulinzi wa mitandao pasiwaya inaonesha kasoro za namna moja zikijirudia katika sura tofauti. WEP ilirudia mkondo wa usimbaji kwa sababu namba yake ya mwanzo ilikuwa fupi. KRACK ilirudisha tatizo hilo kupitia usakinishaji upya wa ufunguo. WPS ilifanya namba ya siri iwe rahisi kukisia. Na WPA2 ya pamoja iliwapa wote walio ndani uwezo wa kusomana. Katika visa hivyo vyote, swali lililoamua matokeo lilihusu ufunguo.

Kutokana na hayo, ukaguzi wa usalama wa mtandao wa ofisi au taasisi hauna budi kuvuka hatua ya kurekodi kiwango kilichochaguliwa katika ruta. Unapaswa kuorodhesha waliopewa ufunguo, tarehe ulipobadilishwa mara ya mwisho, vifaa visivyopokea tena masasisho, na muda uliowekwa wa kukamilisha marekebisho yaliyokwisha kukubaliwa. Kipengele hicho cha mwisho ndicho kilichokosekana katika kisa cha TJX, na hakihitaji kifaa kipya wala gharama kubwa ili kiingizwe katika utaratibu wa taasisi yoyote.